Muhanga Apata Baba Kazini

Palikuwa na nchi, nchi ikawa na mfalme, na mfalme akawa na kiu.

Mfalme huyo alikuwa Simba. Mto wake ulikauka kwanza, kisha bwawa, kisha hata tope la bwawa likapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Zamani Simba alikuwa akienda bwawani kila asubuhi kujitazama, maana aliyapenda mno manyoya yake ya shingoni. Sasa alilitazama tope kavu na hakuona kitu. Hilo lilimuuma kuliko kiu yenyewe.

"Atafutwe mchimbaji wa kisima," akanguruma. "Mchimbaji bora kuliko wote! Nami nitamlipa kuliko mfalme mwingine yeyote."

"Kiasi gani, Mtukufu?" akauliza Fisi, msimamizi wa kazi zote za mfalme.

"Mfalme hataji hesabu mbele za watu. Lete sikio."

Fisi akaleta sikio. Simba akamnong'oneza kwamba vichuguu vitano vya bonde la chini, vile vilivyojaa mchwa hadi juu, vyote vitakuwa vya mchimbaji.

Fisi hali mchwa. Lakini Fisi hawezi kusikia neno "vyote" likitajwa kwa ajili ya mwingine akapata usingizi. Kabla hata mchimbaji hajapatikana, alikuwa ameshawapangisha nguchiro vile vichuguu vitano, wafanye vyumba vyao humo, na kodi akaitaka kwa mayai.

Kunguru akatumwa kutafuta mchimbaji. Akaruka mpaka nyika ya mbali alikoishi Muhanga, binti mwenye kucha kama majembe. Muhanga alikuwa akiwachimbia majirani mashimo, nao wakimwonyesha mahali penye mchwa. Ila ukame ulikuwa umefika huko pia. Udongo ulikuwa mgumu kama chungu, na mchwa walikuwa wameteremka chini kabisa. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Nyumbani alikuwa na mama na wadogo zake, na wote walikuwa wamekonda.

"Mfalme Simba anatafuta mchimbaji," akasema Kunguru. "Wewe ndiye umetajwa."

"Nani kanitaja?"

"Mimi, sasa hivi. Ndiyo kazi yangu."

"Na mshahara?"

"Mnono."

"Mnono kama nini?"

"Dada, mnono ni mnono. Nenda, mtaongea mkiwa mmekaa vizuri."

Mama Muhanga, ambaye pua yake ilikuwa ndefu na ulimi wake mrefu zaidi, alikuwa akisikiliza. Akamvuta binti yake pembeni.

"Mbane akutajie, binti yangu. Huyu ndege ama hajui, ama anajua na ndiyo maana hasemi."

"Mama, nikiuliza sana wataniona nina tamaa. Watamwita mwingine."

"Haya. Na sisi tutakula nini wakati wewe unaogopa kuonekana una tamaa?"

"Nikipokea mshahara wa kwanza tu, nawaita mje. Wote. Nakuahidi, mama."

Muhanga akamwachia Nungunungu kazi yake ya mashimo, akawaaga wadogo zake mmoja mmoja, akashika njia. Alivuka vilima na makorongo, kucha zikauma, pua ikajaa vumbi. Njia nzima alikuwa akijisemea, "Mnono. Amesema mnono." Kadiri alivyolirudia, ndivyo lilivyozidi kuwa neno tu.

Alipofika kwenye lango la mfalme alimkuta Fisi amejilaza. Swala walikuwa wakilinda lango, nguchiro wawili watatu walikuwa wakipita, na Kunguru alikuwa amekwisha tangulia, ametua juu ya mwiba. Muhanga alikuwa amelelewa vizuri. Alimwona mtu mzima, akainama, akasema kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, baba."

Masikio ya Fisi yakasimama.

"Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo, baba."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!" Fisi akainuka na kuwageukia walinzi. "Enyi swala, mmesikia? Kunguru, umesikia? Ameniita baba! Watoto wenye adabu wameisha duniani, alibaki mmoja, na huyo mmoja nimeletewa mimi. Kuanzia leo huyu ni binti yangu. Atakayemgusa amenigusa mimi."

Muhanga akasikia raha moyoni. Neno "baba" alikuwa hajalitumia kwa muda mrefu, na hapa kuna mtu ameliitikia kwa sauti kubwa. Akapata ujasiri.

"Baba, kuhusu mshahara..."

Fisi akashika kifua kama aliyechomwa mwiba.

"Mwanangu! Umetoka kuniita nani?"

"Baba."

"Mtoto na baba yake wanapatana bei? Baba yako mzazi, ulipokuwa ukimchimbia mahali pa kulala, ulimtoza kiasi gani?"

"Sikumtoza."

"Unaona! Hapa hatuna wafanyakazi, hapa ni nyumbani. Wafanyakazi wako huko kwa watu wasiopendana."

Muhanga akaona aibu, kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu cha jirani. Akaonyeshwa mahali pa kisima, akaanza kuchimba.

Mchana Fisi alimletea chakula. Kilikuwa mfupa, na mfupa wenyewe ulikuwa umelambwa ukang'aa.

"Kula, mwanangu, upate nguvu."

"Baba, samahani. Mimi sina meno ya mfupa. Mimi nakula mchwa."

"Mchwa! Mfupa huu nimeutoa mdomoni mwangu kwa ajili yako!"

Hilo lilikuwa kweli, na alama zilionekana.

Muhanga akaishi kwa sisimizi waliopotea njia wakaangukia shimoni. Akachimba. Shimo likazidi kwenda chini, na kifusi cha udongo kando yake kikapanda kikawa kilima. Alipoona kazi imeonekana kwa macho, akajaribu tena.

"Baba, shimo si unaliona?"

"Naliona, na najivunia."

"Basi kuhusu lile jambo..."

"Jambo gani? Ah, lile! Mwanangu, sasa hivi uko katika kipindi cha kutazamwa. Hatujaona maji. Shimo lisilo na maji linaitwa uzoefu, na uzoefu ni mali. Kuna watoto wenzako wanaulipia ili waupate. Wewe unapewa bure, na baba yako mwenyewe."

Siku nyingine alimwambia hali ya nchi ni ngumu. Siku nyingine tena alimwambia kwamba Twiga, alipoanza kazi, hakuuliza mshahara, na mtazame leo alivyo juu. Muhanga alirudi shimoni kila mara akiwa na jibu refu na tumbo tupu.

Kisha Kunguru akaja na salamu kutoka kwao.

"Mama yako anauliza, mwezi wa huku una siku ngapi?"

Muhanga akashika bonge la udongo.

"Anasema pia mdogo wako wa mwisho amelamba jiwe siku nzima akidhani ni kichuguu. Hawakumwambia. Waliona afadhali aendelee kudhani."

Muhanga akatupa udongo aliokuwa ameushika, akapanda juu, akamfuata Fisi hadi kivulini kwake.

"Baba, nitajie mshahara wangu leo. La sivyo naondoka."

Fisi hakukasirika. Alicheka kile kicheko chake, akajigeuza upande wa pili.

"Ondoka, mwanangu. Uende wapi? Kazi ya kwenu umemwachia Nungunungu, Kunguru kanihadithia. Kucha zimekwisha kwa safari ya kuja, utarudi kwa kucha zipi? Ngoja nikufundishe, kwa sababu nakupenda: anayepatana bei ni yule ambaye bado yuko kwao. Wewe umeshahama."

Muhanga alirudi akaketi ukingoni mwa shimo, machozi yakamtiririka kwenye ile pua ndefu, yakachukua muda kufika chini.

Sungura alikuwa amelala upande wa pili wa kifusi. Tangu ukame uanze, vivuli vyote vya nchi vilikuwa vimepungua isipokuwa kivuli cha kifusi kile, ambacho kiliongezeka kila siku, na Sungura alikuwa amekiwahi.

"Dada Muhanga, unalia, au unamwagilia udongo?"

"Naomba uniache, kaka Sungura."

"Nikuache, au nikusaidie? Nauliza kwa sababu bei ni tofauti."

"Mimi sina kitu."

"Una kisima. Maji yakitoka, mimi niwe wa pili kunywa. Wa kwanza ni mfalme, hapo hata mimi siwezi. Sema ndiyo kwanza, ndipo nifungue mdomo."

"Mdomo mbona umeshafunguka?"

"Hapa napatana tu. Kupatana ni bure, ushauri ndio una bei."

Muhanga akafuta pua. Alimtazama Sungura kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama chombo asichojua kazi yake. Huyu hakuwa amechimba hata shimo la kupandia mahindi, na bado alikuwa amejua kutaja anachotaka kabla ya kuanza.

"Haya. Ndiyo."

"Alipokuita mwanawe, palikuwa na nani?"

"Kunguru. Swala wa langoni. Na nguchiro walikuwa wakipita."

"Safi kabisa. Sasa kosa lako unalijua?"

"Nilihama kabla ya kutajiwa."

"Hilo limepita, halirudi tena. Kosa lako la leo ni jingine. Fisi anasema wewe ni mwana, nawe unakubali kuwa mwana wa kuchimba tu. Mtoto gani wa kuchimba tu? Mtoto anakula kwao. Mtoto ana wadogo zake. Mtoto ana mama." Sungura akajikuna sikio taratibu. "Kama Fisi ndiye baba yako, mama yako ni nani kwake?"

Muhanga akafikiri. Kisha pua yake ikaanza kutetemeka kuanzia ncha mpaka kwenye macho.

"Kaka Sungura! Na Bi Fisi je?"

"Ee," akasema Sungura. "Bi Fisi."

Lazima ijulikane kwamba kwa fisi, mke ndiye mkubwa, kwa mwili na kwa sauti. Fisi huyu aliyewatetemesha swala wote langoni, akifika kwake alifuta miguu, akakaa nje, akangoja kuambiwa aingie. Siku nyingine hakuambiwa.

Lakini tetemeko la pua ya Muhanga likakoma.

"Na ikishindikana? Mama atakuwa ametoka kwetu na wadogo zangu wote. Huku hana hata kichuguu cha kusogelea. Tutakufa njiani sote."

"Hapo sikushauri," akasema Sungura. "Hapo ni pako."

Muhanga akateremka shimoni. Akachimba kidogo, akaacha, akanusa. Chini kabisa, upande mmoja wa shimo, kulikuwa na harufu nyembamba sana ya ubichi. Akaweka pua pale muda mrefu. Alipopanda juu alikuwa amekwisha amua, na akamwita Kunguru.

"Mwambie mama aje na wadogo zangu. Mwambie baba amepatikana, ndiye Fisi, ni mzima, ana kazi nzuri. Na mwambie amekataa kunilipa kwa sababu mimi ni mwanawe. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Kunguru hakudai malipo. Habari kama ile isingekaa mdomoni mwa kunguru yeyote hata kama angelipwa kuizuia.

Kule nyikani, Mama Muhanga aliusikiliza ujumbe wote. Akauliza, "Fisi? Fisi yule mwenye mkewe?" Kunguru akaitikia. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akawafuta watoto vumbi, ingawa walikuwa wanaelekea kwenye vumbi zaidi, wakaondoka.

Siku waliyofika, Simba alikuwa na mgeni. Kiboko, mjumbe wa nchi jirani, alikuja kutazama kama kisima kinachosemwa kipo kweli. Ngozi yake ilikuwa imepasuka pasuka, na midomo yake ilimuuma akizungumza, lakini hilo halikumfanya azungumze kidogo. Nchi nzima ilikusanyika kando ya shimo. Bi Fisi alikuwa mbele, amekaa, na hata akiwa amekaa alikuwa mrefu kuliko mumewe aliyesimama.

"Tazama shimo hilo," Simba akamwambia Kiboko. "Hakuna mfalme mwenye mchimbaji kama wangu. Na hakuna mchimbaji anayelipwa kama wangu."

"Analipwa kiasi gani?"

"Mfalme hataji hesabu. Msimamizi, mwambie mgeni, mchimbaji ameridhika?"

Fisi akainama mpaka chini. "Mtukufu, ameridhika kupita kiasi. Sisi hatukai naye kama mfanyakazi. Huyu ni kama mwanangu. Nasema kama? Ni mwanangu kabisa."

Simba akatikisa manyoya, akafurahi. Bi Fisi akapiga miayo. Maneno ya kazini hayakumhusu.

Ndipo sauti ikasikika kutoka njiani.

"Yuko wapi? Yuko wapi, nimwone kwa macho yangu!"

Mama Muhanga akatokea, mwekundu kwa vumbi. Nyuma yake watoto walikuja kwa mstari, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake. Umati ukapisha njia.

"Unamtafuta nani, mama?" akauliza Simba.

"Mume wangu."

Mama Muhanga akapita mbele ya waliokaa, akiwanusa mmoja mmoja, akamruka Kiboko, akamruka Sungura, akasimama mbele ya Fisi.

"Wewe ndiye baba wa binti yangu?"

Fisi akamtazama Simba, ambaye alikuwa ametoka kumsikia. Akamtazama mkewe.

"Mimi... yaani, kwa maana ya..."

"Ndiwe au siwe? Swala wa langoni wameniambia ulitangaza mwenyewe."

"Alitangaza!" swala wakasema kwa pamoja. Walikuwa wameingoja siku ya kumsemea Fisi.

"Nd... ndimi," akasema Fisi.

"Basi kumbe nina mume, nami nakufa na upweke nyikani!" Mama Muhanga akapiga makofi. "Lo! Watoto wanalamba mawe, mwenzangu huku umenenepa hivi! Mahari hukutoa. Chumvi hukuleta. Hata jina langu hujawahi kuniuliza, na watoto wote hawa! Haya, wanangu, mwamkieni baba yenu."

"Shikamoo, baba!" wakaitikia wote. Wa mwisho, yule wa jiwe, akaenda akamshika Fisi mkia, akauonja kidogo kujaribu.

Bi Fisi akainuka. Kivuli chake kikamfunika mumewe mzima, na bado kikabaki.

"Baba watoto," akasema polepole. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Simjui! Naapa simjui!"

"Humjui, na umesema wewe ndiye baba wa binti yake?"

Kutoka ndani ya shimo pua ndefu ikachomoza. Muhanga akasema kwa adabu zake zote:

"Shikamoo, mama mdogo."

"Mama nani?"

"Mdogo. Mimi nimewazidi umri watoto wako, kwa hiyo mama yangu ndiye mkubwa."

Kiboko akasahau midomo yake iliyopasuka, akacheka mpaka akalia kwa maumivu. Bi Fisi hakucheka.

"Mdogo! Mimi! Katika nyumba ambayo huyu haingii mpaka nimruhusu!" Akapiga hatua moja. Hatua moja ya Bi Fisi ilitosha.

"Si mwanangu!" Fisi akapiga kelele. "Mtukufu, mgeni, nyote sikilizeni! Sijamzaa, sina undugu naye, sijui hata wanazaliwaje hawa! Huyu ni mfanyakazi! Ameajiriwa!"

"Rudia," akasema Sungura kutoka kivulini. "Wa huku nyuma hatujasikia."

"Mfanyakazi!" Fisi akalia. "Mfanyakazi, mfanyakazi, mfanyakazi!"

Muhanga akapanda kutoka shimoni, akajikung'uta udongo, akasimama.

"Ahsante, bwana Fisi. Kama mimi ni mfanyakazi, basi mbele ya hawa wote naomba kujua: mshahara wangu ni kiasi gani?"

Simba akageuza kichwa. "Hujui mshahara wako?"

"Sijatajiwa, Mtukufu."

"Umekuwa ukila nini?"

"Sisimizi wanaopita. Na niliwahi kupewa mfupa, ila sikuuweza."

"Kumbe!" Kiboko akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nchi jirani. "Hayo ndiyo malipo yasiyolipwa na mfalme mwingine yeyote! Ni kweli, hata sisi hatulipi hivyo." Akamgeukia Muhanga. "Binti, achana nao. Njoo kwetu. Kwetu utalipwa vizuri."

"Kiasi gani, bwana Kiboko?"

"Ukifika tutaongea."

Kunguru alicheka akaanguka kutoka kwenye mwiba wake.

"Ahsante," akasema Muhanga. "Huko nimeshafika mara moja."

Manyoya ya Simba yalikuwa yamelala kwa aibu. Kucheka kwa Kiboko kulimuuma kuliko njaa ya Muhanga, lakini kulimuuma kweli kweli.

"Haya," akanguruma. "Taja unachotaka."

Muhanga alikuwa na jibu tayari. Vichuguu viwili: kimoja cha mama na wadogo zake, kimoja chake. Viwili vilikuwa ndoto. Akafungua mdomo, na Sungura akakohoa. Muhanga akaufunga mdomo. Akaketi juu ya kifusi, akapakata kucha zake, akanyamaza.

Simba alizoea kimya cha kumwogopa yeye. Kimya hiki hakikuwa chake, na hakujua akifanye nini.

"Mbona husemi? Au vitano havitoshi?"

"Vitano, Mtukufu?"

"Vichuguu vitano vya bonde la chini! Si ndivyo nilivyovitoa siku ya kwanza? Fisi, viko wapi?"

"Vipo, Mtukufu," akasema Fisi. "Nimevihifadhi."

"Tumehifadhiwa sisi!" wakapaza sauti nguchiro. "Kwa mayai! Juzi ameongeza kodi!"

Vitano! Muhanga karibu aruke aseme ndiyo, ndiyo, ahsante. Vitano vilikuwa shibe ya mama mpaka mvua zirudi. Lakini alimwona mdogo wake wa mwisho akiwa ameachana na mkia wa Fisi, sasa analamba bonge la kifusi, amefumba macho kama anayekula.

"Vitano ni bei ya siku niliyoitwa, Mtukufu," akasema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Tangu siku hiyo nimechimba mpaka hapo unapoona, sijalipwa. Naomba cha sita, kwa kazi ambayo imekwisha fanyika. Na mama na wadogo zangu wakae hapa."

Umati ukasogea karibu. Hata Sungura akakaa kitako, hili hakulishauri.

"Na nikikataa?" akauliza Simba.

"Nitakusalimu, nitaondoka. Maji yako karibu, nimeyanusa. Lakini yako upande mmoja tu wa shimo, na upande huo haujaandikwa popote. Atakayekuja ataanza kubahatisha."

Simba akamtazama. Kisha akamtazama Kiboko, ambaye alikuwa ameshafungua nusu mdomo, anangoja tu sababu ya kucheka tena.

"Sita!" Simba akanguruma, manyoya yote yakasimama. "Nani anasema mimi nashindwa na kichuguu kimoja? Sita!"

"Na makazi ya mama," akasema Muhanga.

"Na makazi! Kila mtu amesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia, na Mama Muhanga akaitikia mara mbili.

Hapo ndipo Muhanga aliporudi shimoni. Alichimba upande ule alioujua, na kabla jua halijageuka, tope likawa bichi, likawa zito, kisha likaanza kulia taratibu. Maji yakatoka. Simba akafika wa kwanza. Alijitazama kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akakumbuka kunywa. Wa pili alikuwa Sungura, ambaye hakusukumana na mtu. Kiboko aliomba ajilaze humo kidogo tu, akaambiwa apange foleni.

Fisi alivuliwa usimamizi siku ile ile. Mayai aliyokwisha kula hayangeweza kurudishwa, kwa hiyo alipewa kazi ya kubeba kifusi chote akakitawanye mbali. Usimamizi alipewa Bi Fisi. Kabla hajakubali, alimuuliza Simba kazi hiyo ina mshahara gani, na Simba akamtajia hapo hapo, hesabu kamili, mbele za watu. Nyumbani kwake mlango ulifungwa. Fisi alifuta miguu, akangoja, akafuta tena.

Nguchiro hawakufukuzwa. Muhanga na ndugu zake walikula mchwa wa chini, nguchiro wakalala vyumba vya juu, na yai halikutajwa tena. Mdogo wa mwisho alipofikishwa kwenye kichuguu cha kweli alikitazama kwa mashaka. Alipokilamba na mchwa wakatoka, alipiga kelele, wakamwambia ale tu.

Na mpaka leo, ukipita nyikani utakuta mashimo ya muhanga yameachwa nusu, moja hapa, jingine kule. Wapita njia husema muhanga ni mvivu wa kumaliza kazi. Si uvivu. Kila penye nusu ya shimo, ujue palikuwa na mtu aliyeulizwa "kiasi gani?" naye akaanza kuzungumza habari nyingine.